Kupandikiza jino kwa mwongozo wa kompyuta: kuanzia picha ya kwanza hadi siku ya kutafuna

Mezani kwangu kuna kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, hakizidi ukubwa wa kidole gumba, kimejipinda kama ndizi mbichi. Ukikigeuza chini juu unaona chapa za meno manne, na katikati yake, penye pengo, kuna tundu lenye pete ya chuma. Kesho asubuhi daktari atakivalisha kwenye meno ya chini ya mama mmoja aliyeng'olewa gego miaka miwili iliyopita. Kekee itapita ndani ya pete hiyo, na mfupa utatobolewa pale tulipopachagua kwenye skrini wiki jana.

Kipande hiki tunakiita kiolezo, na siku ya upasuaji ndiyo kompyuta pekee utakayoiona. Wengi wakisikia "upasuaji wa kompyuta" hudhani kuna mashine itakayowashika kichwa na kuwatoboa yenyewe. Mkono unaotoboa ni wa daktari. Kompyuta ilishamaliza kazi siku kadhaa kabla, na ilifanya hesabu kwa vile ilivyolishwa. Ukiilisha picha mbovu, itakuchorea tundu baya kwa mstari ulionyooka kabisa. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, violezo hivi ndivyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua ambazo mgonjwa haonyeshwi.

Kwanza tuelewane maneno. Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Chini kabisa ni kipandikizi chenyewe, skrubu ya titani inayozama kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi. Juu yake hukaa kishikizo, kijiti kifupi kinachotokeza nje ya ufizi. Halafu kofia, au krauni kama wanavyosema kliniki, ambayo ndiyo jino linaloonekana ukicheka.

Je, wewe unafaa?

Kabla hujatoa hata senti ya picha, jibu maswali haya kwa ukweli mbele ya daktari. Umri: taya liwe limemaliza kukua. Kijana wa miaka 15 aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la mbele atatengenezewa jino la kuvaa na kuvua kwanza, maana kipandikizi hakikui pamoja na taya na baada ya miaka michache kitaonekana kimezama kuliko wenzake. Kisukari: kikiwa kimedhibitiwa si kizuizi, kikiwa juu kidonda hakiponi vizuri na mfupa haushiki. Sigara hupunguza uwezekano wa kipandikizi kushika, na daktari akikuambia uache wiki kadhaa kabla na baada, hatanii.

Kuna dawa moja watu husahau kuitaja: sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, vile wanavyopewa wagonjwa wa saratani iliyosambaa au wazee wenye mifupa dhaifu. Baadhi yake hukaa mwilini miaka, na upasuaji wa taya unaweza kuacha kidonda ambacho mfupa wake hauponi. Itaje hata kama uliiacha zamani. Taja pia kama uliwahi kupigwa mionzi ya tiba kichwani au shingoni.

Na fizi. Kama meno yako yalitoka kwa sababu ya ugonjwa wa fizi na fizi bado zinatoa damu ukipiga mswaki, tibu hizo kwanza. Bakteria waliokula mfupa wa jino lako la asili hawatauheshimu mfupa wa skrubu.

Usicheleweshe sana uamuzi pia. Jino likishang'olewa, ukingo wa mfupa huanza kunywea. Unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Mfupa ukishakuwa mwembamba, utahitaji kuongezewa mwingine kabla ya kupandikizwa, na hiyo ni gharama nyingine na miezi mingine.

Hatua ya 1: eksirei ya pande tatu

Picha ya kawaida ya meno ni bapa. Inaonyesha urefu wa mfupa, unene haionyeshi. Kwa hiyo utapelekwa kwenye mashine ambayo madaktari huiita CBCT, inayokuzunguka kichwa kwa sekunde chache, kwa kawaida hazifiki 40, ukiwa umesimama au umekaa.

Vua hereni, kipini cha puani, pini za hijabu, miwani na meno ya kuvaa, isipokuwa umeambiwa uyabakize. Ng'ata pamba au kijiti utakachopewa ili meno ya juu na ya chini yasigusane, maana yakigusana mimi huku sioni jino la juu linaishia wapi na la chini linaanzia wapi. Usimeze mate mashine inapozunguka. Ukitikisika, waambie warudie. Ni afadhali kurudia picha kuliko kutoboa mfupa kwa kufuata kivuli. Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya kuingia.

Mionzi ya picha hii kwa kawaida ni pungufu kuliko ya CT kubwa ya hospitali, lakini ni mingi kuliko ya picha ndogo ya jino moja. Unayo haki ya kuomba wapige eneo linalohitajika tu. Kwa pengo la gego moja la chini hakuna haja ya picha ya hadi machoni.

Ukimaliza, omba faili zenyewe kwenye flashi au diski, katika mfumo wa DICOM. Karatasi iliyochapwa haitoshi, programu ya kupangia haiwezi kuisoma. Nimeshaletewa picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya kliniki, eti nitengeneze kiolezo.

Hatua ya 2: umbo la mdomo

Eksirei inaona mfupa vizuri, ila kwenye meno yaliyozibwa kwa chuma inatoa miale kama jua la katuni. Kiolezo kitakaa juu ya meno, kwa hiyo tunahitaji umbo la meno lililo safi. Hapo ndipo skana ya kinywa inapoingia: kifaa cha ukubwa wa mswaki wa umeme, kinapitishwa mdomoni na kuchora meno kwenye skrini. Kliniki isiyo na skana huchukua chapa ya meno kwa udongo laini, humimina plasta, kisha maabara huiskani hiyo plasta. Njia zote mbili zinafaa ikiwa kazi imefanywa kwa utulivu.

Sharti ni moja: baada ya siku hiyo, meno yako yasibadilishwe umbo hadi upasuaji uishe. Niliwahi kuchapa kiolezo kizuri, kikavalishwa siku ya upasuaji, kikawa kinacheza. Ukibonyeza upande wa kulia, wa kushoto unainuka, kama meza yenye mguu mfupi. Daktari akanipigia simu kwa hasira, nikakagua faili, kila kitu sawa. Mwishowe mgonjwa mwenyewe akasema kwamba siku nne kabla alikwenda kliniki ya jirani na kwao kuziba jino lililokuwa linamsumbua. Ujazo ule mpya ulikuwa umeinuka unene wa ukucha tu, lakini kiolezo changu kililijua jino la zamani. Upasuaji uliahirishwa, tukaskani upya. Kama una jino la kuziba, kusafisha au kung'oa, limalizwe kabla ya skana.

Hatua ya 3: mpango kwenye skrini

Hapa ndipo pa kukaa.

Programu inachukua picha ya mfupa na umbo la meno na kuzilaza moja juu ya nyingine. Tunachagua alama zilezile kwenye picha zote mbili, tuseme ncha ya chonge na kilele cha gego, kisha tunakagua kipande kwa kipande kama mstari wa meno umelala juu ya meno. Ukiteleza milimita moja hapa, milimita hiyo utaikuta mfupani. Hakuna pete ya chuma itakayoisahihisha.

Kisha tunaanza na jino, si na skrubu. Tunachora kofia ya baadaye mahali inapotakiwa kung'atia, na chini yake ndipo tunatafuta skrubu ikae wapi. Zamani, kabla ya picha hizi, ilikuwa kawaida kupanda skrubu penye mfupa mwingi, halafu fundi apambane na kofia iliyopinda kama mnazi wa ufukweni. Bado nazipata kazi za namna hiyo.

Kwa gego la kwanza la chini, ndani ya mfupa kuna mfereji wenye mshipa wa fahamu unaokwenda hadi mdomo wa chini na kidevu. Tunaufuata mfereji huo kwenye picha na kuupaka rangi, mara nyingi ya machungwa au nyekundu. Ncha ya skrubu inatakiwa ibaki angalau milimita 2 juu yake. Mshipa huo ukijeruhiwa, nusu ya mdomo wa chini inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, au maisha yote: ukinywa chai hujui kama inamwagika. Juu, kwenye magego ya taya la juu, hatari ni tofauti, kuna sainasi, uwazi wenye hewa juu ya mizizi ya meno, ambao sakafu yake wakati mwingine ni nyembamba kama ganda la yai.

Vipimo vingine ambavyo mpango mzuri huviheshimu: milimita 1.5 kati ya skrubu na jino jirani, milimita 3 kati ya skrubu na skrubu, na mfupa usiopungua milimita 1.5 upande wa shavu. Skrubu ya gego kwa kawaida ina upana wa milimita 4 hadi 5 na urefu wa 8 hadi 12.

Kwa nini milimita 2 zote hizo ikiwa kompyuta haikosei? Kwa sababu inakosea. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2018 yalikuta kwamba kwa njia ya kiolezo, skrubu kwa wastani hutofautiana na mpango kwa milimita 1.2 pale inapoingilia na milimita 1.4 kwenye ncha, na mwelekeo kwa nyuzi 3.5. Huo ni wastani, wapo waliozidi. Ni bora kuliko mkono mtupu, lakini si uchawi, na atakayekuambia "haikosei hata nywele" anakuuzia kitu.

Mpango mara nyingi huchorwa na fundi kama mimi. Anayeuidhinisha lazima awe daktari atakayekutoboa. Muombe akuonyeshe skrini, dakika tano tu, na umuulize: mshipa wa fahamu uko wapi hapa, na kuna milimita ngapi kutoka kwenye ncha? Daktari aliyeukagua mpango atakuonyesha papo hapo.

Hatua ya 4: kuchapa na kujaribisha

Kiolezo huchapwa kwa printa ya 3D inayogandisha utomvu maalumu kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Kikitoka huoshwa kwa spiriti, hukaushwa, hukomazwa tena kwenye mwanga, ndipo pete ya chuma inapachikwa. Kisha kinasafishwa dhidi ya vijidudu kwa njia na joto aliloandika mtengenezaji wa utomvu huo, kwa sababu joto lisilo lake hukipinda. Hata kukiacha kwenye dashibodi ya gari juani kunaweza kukiharibu, jambo ambalo waendesha bodaboda wanaotupelekea kazi tumelazimika kuwafundisha.

Utaona kiolezo kina madirisha madogo mawili au matatu. Si urembo. Kikishavalishwa, daktari huchungulia dirishani kuona kama plastiki imelala juu ya jino au imeacha upenyo. Kikilala sawasawa unasikia mlio mdogo wa "tak", na ukikisukuma kwa kidole hakisogei. Omba kijaribishwe siku kabla ya upasuaji. Kikicheza, kirudi maabara.

Siku hiyohiyo jipime mdomo: je, unaweza kuingiza vidole vyako vitatu wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini? Kekee za kupitia kwenye kiolezo ni ndefu kuliko za kawaida, na gego liko nyuma. Nimeona mpango mzuri ukiachwa mezani kwa sababu tu mgonjwa hafunguki mdomo vya kutosha. Kuna mbadala wa kutumia kamera: alama zinafungwa kwenye meno na kwenye kekee, na daktari anatazama skrini inayoonyesha ncha ilipo wakati anatoboa. Marekani kuna hata mkono wa roboti unaomshikilia daktari asitoke kwenye mstari, Yomi, ulioidhinishwa na mamlaka yao ya dawa na vifaa mwishoni mwa 2016. Kwa pengo moja, kiolezo kinatosha kabisa.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Kama ni ganzi ya sindano tu, kula kama kawaida na unywe dawa zako. Dawa za kulainisha damu usiziache kwa uamuzi wako. Hilo ni la daktari wa moyo na wa meno kukubaliana. Kama una mzio wa penisilini, rudia kusema, hata kama umeandikwa kwenye faili, kwa sababu wengi hupewa amoksilini, ambayo ni jamii ya penisilini, kabla ya upasuaji.

Utasukutua kwa dawa ya klorheksidini, utachomwa ganzi, kiolezo kitavalishwa. Ufizi unaweza kukatwa tundu dogo la mviringo tu, bila kufunuliwa, ndiyo maana uvimbe wa njia hii mara nyingi ni mdogo. Lakini kama ufizi mgumu wenye afya ni kidogo eneo hilo, ni afadhali daktari afunue na kushona kuliko kuutupa.

Kekee huanza nyembamba, kisha nene zaidi na zaidi. Utahisi mtetemo na kusikia maji. Hayo maji ni ya maana kuliko yanavyoonekana: mfupa ukifikia nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja unaanza kuumia, na kiolezo, kwa kulifunika tundu, kinazuia maji yasifike chini. Daktari mzuri hatoboi mfululizo. Anaingiza, anatoa, anamwagia maji yaliyopozwa, anaingiza tena. Ukiona anasukuma kama anatoboa ukuta wa bafu, inua mkono.

Kuuma kusiwepo. Ganzi ikipungua, sema, huongezwa. Skrubu ikishaingia, picha moja ndogo hupigwa kuhakikisha, kisha unakwenda nyumbani. Kwa jino moja, saa moja mara nyingi inatosha.

Siku za mwanzo nyumbani

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, shavuni, siku ya kwanza. Uji uliopoa, mtori, supu isiyo moto, viazi vya kuponda. Usinywe kwa mrija, usiteme mate kwa nguvu, usivute. Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu halafu hushuka.

Jambo moja halisubiri: ganzi ikiwa imekwisha muda wake, tuseme mdomo wa chini ulipaswa kuamka jioni na hadi asubuhi bado umekufa, piga simu asubuhi hiyohiyo. Kama skrubu inaubana mshipa, kuitoa mapema kuna maana; kuitoa baada ya wiki mbili mara nyingi umechelewa. Damu isiyokoma, homa, usaha au skrubu inayocheza, hizo pia ni za kupiga simu.

Kusubiri

Sehemu hii ndiyo inayowachosha watu. Mfupa unahitaji muda kugandamana na skrubu, wiki 6 hadi 12 kwa mfupa mzuri wa chini, hadi miezi 6 kama ni laini au uliongezewa. Kugandamana huku kuligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana nacho. Mwaka 1965 alimpandikiza mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na vipandikizi hivyo vilimtumikia hadi alipofariki 2006.

Wakitaka kukupa kofia siku hiyohiyo, uliza kama skrubu ilikazika vya kutosha, na kama kofia hiyo ya muda itagusa meno ya upande wa pili. Kwa jino la mbele wakati mwingine inafaa. Kwa gego la kutafunia muhogo wa kuchoma, subiri.

Kofia, na kuitunza

Mdomo huskaniwa tena, mimi natengeneza kofia, daktari anaikaza kwa ufunguo wenye kipimo. Akikung'atisha karatasi ya rangi, ng'ata kweli. Jino lako la asili lina utando unaolihisi punje ya mchanga kwenye wali, kipandikizi hakina. Kofia ikiwa ndefu hutaumia, itavunjika tu.

Piga mswaki kama kawaida na upitishe brashi ndogo au uzi pembeni mwa kofia kila siku. Titani haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huvimba na mfupa huliwa, tena bila maumivu. Damu ukipiga mswaki ndiyo onyo utakalopewa. Rudi kukaguliwa kila miezi 6.

Gharama na karatasi

Bei ya "kupandikiza jino" inayotajwa kwenye matangazo mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Dai orodha iliyoandikwa: picha, kiolezo, skrubu, kishikizo, kofia, kuongeza mfupa kama upo, ukaguzi wa mwaka wa kwanza, na nani analipa skrubu isiposhika. Hakikisha pia daktari amesajiliwa, Tanzania Bara na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya na KMPDC, baraza lao la madaktari na madaktari wa meno.

Halafu dai stika. Kila kipandikizi huja kwenye kichupa chenye stika ya jina la mtengenezaji, upana, urefu na namba ya toleo. Ibandikwe kwenye kadi yako, na wewe uipige picha. Mara kwa mara huletwa kwetu mtu aliyepandikizwa India au Dubai, kofia imelegea, kazi ya dakika kumi. Kila kampuni ina bisibisi yake na umbo lake la kichwa cha skrubu, na mgonjwa hajui ni kampuni gani. Tunajaribu bisibisi moja baada ya nyingine, tunalinganisha eksirei na picha za vipandikizi vya kampuni mbalimbali, siku mbili zinapita. Stika ile ilitupwa kwenye pipa la kliniki mchana wa upasuaji.